Maboksi manne juu, sabufa sita chini: kupanga mziki wa uwanjani

Mkutano wa injili, harusi ya nje, kampeni, tamasha la mtaa: vipimo vyake havipishani sana. Viti elfu moja hivi, uwanja wa mita 25 kwa 40, jukwaa la mita 8. Mziki unaopelekwa nao ni ule ule: maboksi manne ya laini arei (yanayofungwa moja chini ya jingine kuwa safu) kila upande, yenye spika mbili za inchi 8 au 10, na sabufa sita za inchi 18. Kwa ukubwa huo mziki unatosha kabisa. Ukiona watu wa nyuma wanalalamika huku wa mbele wameziba masikio, usikimbilie kukodi maboksi mengine. Kwanza angalia yaliyopo yamewekwa wapi, yanatazama wapi, na sauti zake zinamfikia msikilizaji kwa pamoja au kwa kupishana.

Safu fupi ni safu fupi

Tangu Christian Heil na kampuni ya L-Acoustics walete V-DOSC mwaka 1992, wauzaji wana wimbo mmoja: spika ya kawaida hupoteza desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili, laini arei hupoteza 3 tu. Ni kweli kwa safu ndefu, kwa masafa ya juu, na mpaka umbali fulani. Umbali huo unakadirika: chukua urefu wa safu kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa masafa ya sauti (Hz), kisha gawanya kwa mara mbili ya mwendo wa sauti. Jioni ya nyuzi joto 30 sauti inakwenda kama mita 349 kwa sekunde.

Maboksi manne yenye kimo cha sentimita 30 yanatoa safu ya mita 1.2. Kwenye 1,000 Hz, katikati ya sauti ya binadamu, faida ile inakwisha baada ya mita 2. Kwenye 8,000 Hz inafika mita 16 na nusu. Chini ya 300 Hz hivi, wimbi ni refu kuliko safu yenyewe, kwa hiyo sauti inasambaa juu, chini na hata kurudi jukwaani kama vile umeweka boksi moja tu. Ndiyo maana nyuma ya uwanja unasikia "sss" na "ttt" vizuri lakini sauti ya mhubiri imekonda, na mbele ni kinyume chake. Tiba yake haiko kwenye ekwalaiza. Iko kwenye kimo na pembe.

Pembe zinapigwa hesabu chini, kabla ya kunyanyua

Unahitaji futi kamba, kikokotoo cha simu chenye kitufe cha tan⁻¹, na programu ya pima maji kwenye simu hiyo hiyo. Tuseme katikati ya boksi la juu kabisa itakuwa mita 5 kutoka ardhini. Sikio la aliyeketi liko kama mita 1.2. Tofauti ni mita 3.8. Kiti cha mwisho kiko mita 40. Gawanya 3.8 kwa 40, tafuta pembe: digrii 5.4. Hivyo ndivyo boksi la juu linavyotakiwa kuinama, na ndilo linalobeba watu wa nyuma.

Boksi la chini litakuwa kwenye mita 4.1 hivi. Ukitaka litazame kiti kilicho mita 4 tu kutoka chini ya safu, linapaswa kuinama digrii 36. Kati ya la juu na la chini kuna digrii 30, na maboksi mengi ya aina hii hayafunguki zaidi ya digrii 10 kila kiungo. Maboksi manne yana viungo vitatu, kwa hiyo itabidi ufungue vyote mpaka mwisho: 10, 10, 10. Safu ikifunguka hivyo, nguvu inagawanywa sawasawa kwa mtu wa mita 4 na mtu wa mita 40, na wa mita 40 anaumia.

Afadhali usiwahangaikie wa mbele kwa safu hii. Lielekeze boksi la chini mita 6: digrii 26. Sasa una digrii 20 za kugawa, na ugawaji mzuri kutoka juu kwenda chini ni 3, kisha 7, kisha 10. Kiungo cha juu kinabana ili maboksi mawili ya juu yasukume pamoja kwenda mbali. Kile cha chini kinatawanya kwa sababu watu wako karibu na hawahitaji nguvu nyingi. Mistari miwili ya kwanza ya viti uiwekee spika ndogo mbili za inchi 8 kwenye ukingo wa jukwaa, zikatwe besi kwenye 150 Hz. Kwa mtu aliye mita 3 mbele ya jukwaa, sauti ya safu ya juu inasafiri kama mita 7.5, hivyo spika hizo ndogo zicheleweshwe milisekunde 12 au 13 ili asisikie maneno mara mbili.

Programu ya EASE Focus 3 ni ya bure na inafanya hesabu zote hizi pamoja na kukuonyesha tundu gani la fremu ya juu ufungie ili safu iiname unavyotaka. Watengenezaji wengi wana faili za spika zao humo; d&b wana ArrayCalc yao, L-Acoustics wana Soundvision. Hata hivyo ni vizuri kuijua ile hesabu ya mkono, maana kiwanja unachokuta mara nyingi sicho ulichoelezwa kwenye simu.

Maboksi ya pembe isiyobadilika, kama JBL VRX932LA, hayana hesabu hii: kila boksi ni digrii 15, mawili ni 30, matatu ni 45. Huwezi kuyabana. Kazi yako ni kuinamisha rundo zima na kutumia ile swichi ya nyuma kupunguza sauti kali kwenye boksi linalotazama watu wa karibu. Kwa ukumbi au ua wa mita 20 ni maboksi mazuri sana. Kwa mita 40 utayalaumu bure.

Kunyanyua

Maboksi manne ya kilo 25 ni kilo 100; ongeza fremu na kebo, unakaribia 120. Stendi ya kukunja kwa mkono iwe imeandikwa uzito unaozidi huo kwa nafasi nzuri, si kwa kilo tano. Miguu yake ikae kwenye vipande vya mbao, hasa penye udongo uliolowa, na usawa upimwe kwa pima maji kabla ya kupandisha hata sentimita kumi. Pini zote ziwe zimeingia na vishikizo vyake vimejifunga. Vuta kila moja kwa mkono. Weka waya wa chuma wa pili, wa usalama, unaoshika fremu bila kutegemea ndoano ya kwanza. Kamba ya katani, kamba ya nailoni na tawi la mwembe hazimo kwenye mjadala. Skafoldi inatumika sana, na inafaa ikiwa imefungwa mishikizo na kuwekewa uzito chini. Nyembamba na ndefu ikiwa peke yake huanguka na upepo wa jioni. Upepo ukichacha, shusha safu. Onyesho linaweza kuendelea na mziki uliokaa chini.

Sabufa: tatu kushoto, tatu kulia?

Haya ndiyo mazoea, na hakuna kinachoharibu besi ya uwanjani kuliko mazoea haya. Chukua marundo mawili yaliyoachana mita 12. Aliyekaa katikati kabisa anapata sauti za pande zote kwa wakati mmoja, na kifua chake kinatikisika. Sogea pembeni: upande mmoja umekuwa karibu, mwingine mbali. Tofauti ya umbali ikifika nusu ya urefu wa wimbi, rundo moja linasukuma hewa wakati lingine linavuta, na besi inajifuta yenyewe.

Wimbi la 60 Hz lina urefu wa mita 5.8, nusu yake 2.9. Kwenye mstari ulio mita 20 kutoka jukwaani, tofauti hiyo unaikuta mita 5 tu kutoka katikati. Kwa 80 Hz ni chini kidogo ya mita 4. Huko si pembezoni, ni viti vya watu kabisa. Kibaya zaidi, meza ya miksa huwekwa katikati, pale pale besi inapozidi. Fundi anaona imezidi, anaishusha, na wale waliokuwa wanapata kidogo wanabaki bila kitu. Hapo ndipo mwenye shughuli anakuja kuuliza kwa nini mziki hauna besi, na fundi anaapa kwamba inamuumiza tumbo. Wote wawili wanasema kweli.

Zilete zote sita katikati. Sabufa zikikaa pamoja, kila unapozidisha idadi mara mbili unapata desibeli 6, na hakuna upande wa kugombana na mwingine. Zinaweza kuwa rundo moja mbele ya jukwaa, au zikapangwa mstari. Mstari una sharti moja: umbali kutoka katikati ya sabufa moja hadi katikati ya nyingine usizidi nusu ya wimbi la masafa ya juu kabisa unayozipigisha. Ukikata sabufa kwenye 100 Hz, nusu ya wimbi ni mita 1.75. Kwa jukwaa la mita 8, nafasi ya mita 1.4 inakaa vizuri. Na pale katikati, penye ngazi ya bwana harusi au mgeni rasmi, unaweza kufungua hadi mita 1.7 na mtu akapita bila kugusa boksi.

Mstari wa mita 7 una tabia moja ya kuangaliwa: unabana besi iende mbele kama tochi, na viti vya pembeni vinapoa. Dawa yake ni kuukunja kwa dilei (kuchelewesha sauti), kana kwamba umezipanga kwenye upinde. Kwa nafasi za mita 1.4 na upinde wa kama digrii 90, sabufa mbili za katikati zipewe 0, zinazofuata milisekunde 1.2, na za mwisho milisekunde 4. Unahitaji njia tatu za kutoa sauti zenye dilei zake. Prosesa ndogo inatosha, na miksa ya kidijitali kama Behringer X32 ina dilei kwenye kila tundu la kutoa.

Ukuta nyuma ya sabufa nao una neno. Besi inarudi kutoka ukutani na kukutana na ile inayotoka. Ukuta ukiwa mita 1.4 nyuma, utakula 62 Hz, yaani katikati kabisa ya teke la ngoma. Zisukume hadi ukutani, chini ya nusu mita, au ziondoe mbali kabisa. Pale katikati ndipo pabaya.

Besi isirudi jukwaani

Kwaya yenye maiki nane zilizo wazi, au bendi yenye gitaa la nyuzi za nailoni, haipatani na sabufa sita zilizo mita mbili mbele yake. Sabufa haijui mbele na nyuma. Inapiga pande zote. Ukitaka inyamaze nyuma, tumia sabufa mbili zinazofanana kabisa, aina moja na umri mmoja wa spika. Ya pili iweke mita 1 nyuma ya ya kwanza, zote zikitazama watu. Ya nyuma igeuze polariti (chanya na hasi zibadilishane, ivute hewa wakati nyingine inasukuma) na uipe dilei ya milisekunde 2.9, ambayo ndiyo muda wa sauti kwenda mita 1. Nyuma zitafutana, mbele, karibu na 87 Hz, zitasaidiana kikamilifu, na kwenye 43 Hz utapoteza kama desibeli 3 za ule msaada. Hiyo ndiyo bei.

Penye nafasi finyu, panga tatu kwa kimo: ya chini na ya juu zitazame watu, ya kati itazame jukwaa, igeuzwe polariti na kucheleweshwa. Kiasi cha dilei kinategemea kina cha boksi. d&b na L-Acoustics wanayo mipangilio hiyo tayari ndani ya amplifaya zao, na ukiwa nayo tumia hiyo hiyo bila kuongeza ujuzi wako. Ukiwa huna, anza na milisekunde 2.5, piga mlio wa 60 Hz, msaidizi asimame mita 3 nyuma ya rundo, nawe usogeze dilei kidogo kidogo mpaka aseme umekufa. Kisha rudisha polariti: ukisikia nyuma umelipuka, ulikuwa sahihi; igeuze tena na uache hivyo. Grili ya ile inayotazama nyuma iachiwe angalau sentimita 60 za hewa. Ikizibwa na pazia zito au kreti za soda, hesabu yote inaharibika.

Kama ni mahubiri na kinanda tu, usijisumbue na haya. Tenga sabufa kwenye njia yake ya miksa, peleka ngoma, besi na kinanda peke yake, na maiki zote za sauti zikatwe chini ya 100 hadi 120 Hz. Nusu ya mivumo ya jukwaani itaondoka hapo.

Kuunganisha juu na chini

Safu iko juu pembeni, sabufa ziko chini katikati. Chagua sehemu moja ya kuzikutanisha, mita 20 kutoka jukwaani ni pazuri, na ukubali kwamba kwingine hazitakutana kikamilifu. Kutoka hapo hadi sabufa ni mita 20. Hadi safu, iliyo mita 6 pembeni na juu ya kichwa chako mita 3.3, ni mita 21.1. Sabufa zinawahi kwa mita 1.1, hivyo zinahitaji kama milisekunde 3.3. Huo ni mwanzo tu, kwa sababu vichujio vya krosova (masafa ambapo sabufa na safu zinagawana kazi) na prosesa ndani ya maboksi navyo vinachelewesha kwa viwango vyao.

Mwenye maiki ya kupimia atumie programu ya Smaart, au Open Sound Meter ambayo haina malipo. Asiye nayo ana njia ya masikio. Krosova ikiwa 90 Hz, piga mlio wa 90 Hz kwenye safu na sabufa, kila upande ukiwa na sauti sawa pale uliposimama. Geuza polariti ya sabufa. Sogeza dilei mpaka mlio unywee kabisa, kisha rudisha polariti. Angalia usizidi milisekunde 5 kutoka kwenye namba ya futi kamba: duara moja la 90 Hz ni milisekunde 11, na ukilikosa kwa duara zima mlio utanywea vile vile, lakini teke la ngoma litasikika limelegea.

Sabufa za kopo la wazi (zenye tundu la hewa) zikatwe pia chini, 30 au 35 Hz. Chini ya hapo koni inatembea bure bila kutoa sauti, na ndiko koili zinakofia.

Umeme

Ekstensheni ya gurudumu yenye waya wa mm² 1, ikiwa bado imeviringishwa, ni jiko. Ikunjue yote au usiitumie. Kutoka jenereta hadi jukwaani mita 50, waya wa mm² 1.5 ukibeba ampea 16 unapoteza volti 19. Wa mm² 2.5 unapoteza 11. Sabufa ndizo zinazovuta kwa kishindo, kwa hiyo zipe laini yake, na taa za jukwaa zipelekwe fezi nyingine. Jenereta ya fezi tatu ipimwe kwa mita kabla ya kuchomeka chochote: kila fezi kwa nyutro iwe kati ya 220 na 240, na uitikise nyaya ya nyutro kwenye terminali huku ukisoma. Nyutro ikilegea wakati mziki unapiga, soketi moja inaweza kupanda kuelekea volti 400, na hapo hakuna pawa saplai itakayopona.

Mvumo wa 50 Hz usiutibu kwa kukata waya wa ethi. Lishe miksa na maboksi kutoka sehemu moja ya kugawia umeme, au tumia boksi la DI (kifaa kidogo cha kuunganisha chombo na miksa) lenye swichi ya kutenganisha. Miksa iwashwe kwanza, sabufa moja baada ya nyingine, safu mwisho. Kuzima ni kinyume chake.

Kwa maboksi yasiyo na amplifaya ndani, hesabu omu kabla ya kurukia kebo kutoka boksi hadi boksi. Mawili ya omu 8 ni 4. Manne ni 2, na amplifaya nyingi za kukodi hazikubali 2.

Kabla watu hawajaingia

Jaribu sabufa mbili mbili. Piga 60 Hz kwenye moja, kisha washa ya pili: besi lazima ipande waziwazi. Ikishuka, moja ina nyaya zilizogeuzwa, mara nyingi kwenye plagi iliyotengenezwa juzi. Fanya hivyo kwa zote sita. Sabufa moja iliyogeuzwa katikati ya mstari haionekani kwa macho na haisikiki kama ubovu, inasikika kama mziki mdogo. Safu nayo ijaribiwe boksi kwa boksi kwa sauti ndogo, maana twita (spika ya sauti kali) iliyokufa kwenye boksi la juu inawaua watu wa mita 30 na kuendelea, wakati wewe kwenye miksa husikii tofauti.

Kisha mtu aongee kwenye maiki nawe utembee. Sauti ikizidi nzito kwenye nusu ya mbele, shusha kati ya 200 na 300 Hz kwenye safu yote. Nyuma ikikosa ukali, angalia kwanza kama boksi la juu kweli linatazama kiti cha mwisho. Digrii 2 za kuinama kupita kiasi zinaleta shabaha kutoka mita 40 hadi mita 29. Likishakaa sawa, ongeza desibeli 2 au 3 kuanzia 6,000 Hz kwenye maboksi mawili ya juu tu. Viti vikiongezwa hadi mita 60, usipandishe safu: weka spika mbili kwenye stendi mita 35 kutoka safu kuu, dilei ya milisekunde 100 na nyongeza ya 5 hadi 10, ili watu waendelee kuisikia sauti ikitoka jukwaani.